Kiingereza Nilichokisema Stesheni

Masikio yananiwaka moto kila nikiikumbuka siku hii, na ningeweza kuendelea kuificha kama nilivyoificha miaka yote, lakini kwa kuwa nyinyi ni watu wangu, na wengine wenu mlikuwa bado hamjazaliwa, acheni niiseme yote, hata zile sehemu ambazo mke wangu hunikanyaga mguu chini ya meza ili nisizifikie. Mimi, mwalimu wa Kiingereza, mtu niliyesahihisha madaftari ya nusu ya watoto wa Kolwezi kwa kalamu nyekundu, nilimfungisha mtu mwema kwa neno moja la Kiingereza, mchana kweupe, mbele ya stesheni nzima. Na neno lenyewe (hapo ndipo panaponiuma) nilikuwa nimelichagua asubuhi ileile kwa furaha, kama mtu anayechagua shati la kwenda harusini.

Ilikuwa wakati ule wa kufukuzana. Kampuni ya madini iliyokuwa imetulisha sote ilikuwa inakufa, mashine zimesimama, hospitali yake haina hata pamba, na watu walipokosa wa kumlaumu wakawageukia majirani zao ambao wazee wao walitoka mkoa wa Kasai. Watu waliozaliwa hapahapa, wakasoma hapa, wakaoa hapa, waliambiwa warudi kwao, na huko kwao wengi hawakuwahi kupaona hata kwa picha. Wakatolewa majumbani, wakajaa stesheni na pembeni mwa reli wakisubiri treni, wiki baada ya wiki, na magodoro yao, na cherehani zao, na hata milango waliyoing'oa kwenye nyumba zao wenyewe ili wapate kitu cha kuzuia upepo. Familia yangu ni ya kaskazini ya Katanga, mkoa wetu huuhuu, kwa hiyo mimi hakuna aliyenigusa. Shule ilifungwa, maana nusu ya walimu na nusu ya wanafunzi walikuwa wamelala pale relini, nami nikabaki nyumbani na kamusi yangu.

Sasa lazima mnielewe nilivyokuwa na Kiingereza siku zile. Hapa kwetu kila aliyesoma anajua Kifaransa, Kifaransa si sifa, lakini Kiingereza kilikuwa changu peke yangu, na nilikitunza kama mtu anavyotunza baiskeli mpya, nakifuta vumbi kila jioni. Nilikuwa na daftari ambamo niliandika maneno yote ya kutoa maoni, na darasani nilikuwa nimelipiga marufuku neno "think". Nilisema "think" ni la watoto, mtu mzima husema "believe", mtu wa ofisi husema "presume", na bwana mkubwa kabisa husema "suspect". Hilo la mwisho nililipata kwenye redio, bwana mmoja wa huko Uingereza alikuwa anazungumzia mvua, akasema kwa sauti laini, yenye usingizi, kwamba anasuspect itanyesha, nami nikaruka kutoka kitandani kwenda kuliandika. Nilijua kwamba kwa Kifaransa neno hilohilo ni la polisi, ni la kumshuku mtu. Lakini kwa Kiingereza, niliwaambia wanafunzi wangu, limestaarabika, maana yake ni "nadhani" tu, ila nadhani ya mtu mwenye adabu. (Na si uongo, ndiyo maana uongo wake ulikuwa mkubwa.)

Basi asubuhi moja padri wa parokia yetu akatuma mtu kuniita. Alikuwa amefika mwanamke mzungu, muuguzi, aliyevuka mpaka wa Zambia na lori la dawa, anaitwa Madamu Helen, hajui Kifaransa wala Kiswahili, na mkalimani wake ameugua njiani. Alikuwa amepewa behewa moja kwenye treni ya siku hiyo, behewa la wagonjwa na wajawazito, na alihitaji mtu wa kumsaidia kuchagua nani apande. Padri alisema anamjua mtu mmoja tu Kolwezi nzima. Mimi huyo.

Nikavaa suti. Nataka mfikirie jambo hilo kidogo, watu wanalala kwenye kokoto, na mimi natafuta suti na kiatu cha kung'aa. Halafu nikafungua daftari langu na hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo, mdogo kabisa, uliozaa mengine yote: niliamua kwamba siku nzima ile sitatumia neno "think" hata mara moja. Mke wangu, Mama Astrid, alikuwa anasonga bukari, ugali wetu, jikoni, akanisikia nikijizoeza.

"Wee, ujisemee tu kama mutu," akaniambia. "Ule mama anatafuta kusikia, hatafute kushangaa."

Nikamwambia haya si mambo yake.

Mwanzo kila kitu kilikwenda vizuri mno. Madamu Helen alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi, anaandika kwenye ubao wenye kibanio huku anatembea, nami natembea kando yake nikiruka masufuria ya watu. Aliuliza kama maji ya bomba yanatosha, nikasema nabelieve hayatoshi. Aliuliza kama bibi kizee fulani ana miaka sabini, nikapresume anayo. Alinitazama mara moja akasema Kiingereza changu ni kizuri sana, akauliza nilijifunzia wapi, na kuanzia hapo mimi nilikuwa nimekwisha, sikuwa tena na miguu chini. Nyuma yetu alitufuata sajini mmoja aliyewekwa kulinda stesheni, na nyuma ya sajini vijana wawili wa mjini, wa wale waliojipa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kuwatoa watu. Walikuwa wanatazama nani anamsalimia nani. Kila mtu aliwajua, hakuna aliyewatazama usoni.

Tukafika kwenye turubai la bluu, na chini yake alikuwa Tata Mukendi.

Tata Mukendi, baba Mukendi kwa heshima, alikuwa jirani yangu miaka tisa, ukuta wa lupango lwake, yaani ua wa nyumba yake, ndio ukuta wa lupango lwangu. Alikuwa muuguzi wa kuzalisha kwenye hospitali ya kampuni (sisi tunasema enfirmie), mtu mnene kidogo, mpole, anayeongea kama anamwamsha mtoto. Binti yangu Astrid alizaliwa mikononi mwake, siku ambayo mvua ilikata barabara na mke wangu hakuweza kufika hospitali, akaja na beseni lake na taa yake, akaondoka bila kunywa hata chai. Alipotolewa nyumbani yeye na mkewe, Mama Ntumba, na binti zao wawili, mimi nilichungulia dirishani. Wiki tatu alikuwa pale relini na sikuwa nimekwenda kumsalimia hata mara moja. Mke wangu alikwenda mara mbili na chakula. Mimi nilisema nina kazi nyingi, na shule, kama mlivyosikia, ilikuwa imefungwa.

Pale chini ya turubai alikuwa amejifanyia zahanati. Anachemsha maji, anachanganya chumvi na sukari kwa watoto wanaoharisha, koti lake jeupe limechanika begani, na watu wamepanga foleni. Madamu Helen akasimama akamtazama kwa muda, na mara ya kwanza siku ile nilimwona akitabasamu. Akaniambia anataka mtu kama huyu kwenye behewa lake, mtu wa kushika ufunguo wa sanduku la dawa, na tena mkewe (watu wa foleni walikuwa wamenieleza, nami nikatafsiri) ni mjamzito aliyekaribia siku zake, basi familia nzima ipande. Ila wamesema pia hana karatasi yoyote, diploma yake imeungulia nyumbani. Kuna mtu anayeweza kuthibitisha kwamba huyu ni muuguzi?

Tata Mukendi aliniona. Uso wake ulifunguka.

"A, mwalimu, Mungu eko," akasema. "Umuambie huyu mama mi ni nani."

Ndugu zangu, neno la kusema "najua" lipo kwa Kiingereza, mtoto wa wiki ya pili darasani analo. Lakini mimi nilikuwa nimesimama pale na daftari zima kichwani, mzungu ananisubiri, sajini anasubiri, wale vijana wawili wamesogea hatua moja ili wasikie, nami nikakohoa, nikashika tai yangu, nikasema polepole, kwa sauti ya yule bwana wa redio: "I suspect he is a nurse."

Madamu Helen akaacha kuandika. Akaniuliza, unasuspect? Nikaona amelipenda neno. Nikasema ndiyo, nasuspect sana. Akaniuliza jambo lingine, haraka, sikulishika lote, baadaye ndipo nilipojua alikuwa anauliza namshuku kwa lipi, lakini mimi nilisikia tu lile neno langu likirudi kwangu, basi nikaliongezea nguvu, nikasema watu wote mtaani wanamsuspect, mke wangu mwenyewe anamsuspect tangu miaka mingi. Akauliza, kwa sauti ya chini sasa, kama ni kweli ile diploma iliungua. Na hapo, kwa sababu siku mbaya haijui kusimama njiani, nikakumbuka kwamba kwa Kifaransa mtu akisema "je m'en doute" maana yake ni "naona ni hivyo, nilitegemea hivyo", nikachukua neno la Kiingereza linalofanana nalo nikasema kwa uhakika wote: "I doubt it, Madam." Kumbe nimesema siamini. Tata Mukendi alikuwa ananitazama na kutikisa kichwa kwa kukubali kila neno, anatabasamu, maana hajui Kiingereza hata kidogo, na hata lile neno linalofanana na la Kifaransa hakulitilia maanani, kwa kuwa alimwona rafiki yake anamsemea.

Lakini sajini alijua Kifaransa, na neno "suspect" halihitaji mkalimani. Alikuwa amelisikia mara nne mdomoni mwangu. Siku mbili kabla kulikuwa na uvumi pale stesheni kwamba kuna mtu anatia kitu kwenye maji, watoto wanaharisha, nani anafanya, hajulikani. Sajini akatoka nyuma yangu, akaja mbele, akamwonyesha Tata Mukendi kwa kidole.

"Suspect njo huyu?" akaniuliza.

Nami nikafungua mdomo na hakikutoka kitu. Si Kiingereza, si Kifaransa, si Kiswahili. Nimejaribu miaka yote kukumbuka nilisimama vile kwa muda gani, na mke wangu anasema haijalishi, lakini mimi naona inajalisha, kwa sababu kabla sijafunga mdomo askari wawili walikuwa tayari wamemshika mikono, kikombe cha maji ya chumvi kimemwagika, na wanampeleka kwenye chumba cha mizigo. Neno likatembea. Lilikwenda kwenye foleni, likaingia kwenye mahema, likavuka reli, suspect, suspect, enfirmie ni suspect. Mama mmoja aliyekuwa ametoka kumnywesha mwanawe dawa pale alimgeuza mtoto kichwa chini akamtia kidole mdomoni amtapishe. Wengine wakamwaga vikombe vyao. Watu aliokuwa amewaangalia wiki tatu bila kulipwa chochote walisogea nyuma wakamwachia njia. Yeye mwenyewe hakupigana. Aligeuka mara moja akanitafuta kwa macho, si kwa hasira, alikuwa bado anangoja niseme kitu, alifikiri kuna jambo ambalo askari hawajaelewa na mwalimu atalieleza sasa hivi.

Madamu Helen akanishika begani. Akaniambia ananishukuru kwa ujasiri wangu, anajua si rahisi kusema ukweli juu ya jirani, na kwamba huenda nimeokoa watu. Nililielewa kila neno, mara hii kila neno. Nikajaribu kusema hapana, kuna kosa, lakini filimbi ya treni ikalia na stesheni nzima ikasimama kwa pamoja, magodoro hewani, watu wanaitana majina, naye akaanza kukimbia kuelekea behewa lake huku ananivuta mkono. Kuna kazi moja imebaki, akasema. Nimweleze mkewe.

Mama Ntumba alikuwa tayari amepelekwa na wajawazito wengine, ameketi mlangoni mwa behewa, mikono juu ya tumbo, binti zake wawili wamebeba mabunda. Hakuwa ameona kilichotokea. Madamu Helen akaongea taratibu, akiniachia nafasi ya kutafsiri, sentensi moja moja: kwamba yeye na watoto watasafiri, kwamba mume wake hawezi kupanda behewa hili, kwamba kuna watu wanaomshuku. Nami, mniamini, nilitafsiri. Mdomo ulikuwa unafanya kazi peke yake kama redio. Nilimwambia mke wa rafiki yangu, kwa Kiswahili kisafi, kwamba mume wake ni mtu wa kushukiwa.

Akanitazama. Halafu akauliza, bila kupandisha sauti, "Nani njo alisema vile?"

Na mimi (hapa ndipo mke wangu hunikanyaga mguu) nikageuka kwa Madamu Helen nikalitafsiri na hilo swali, kwa Kiingereza, kwa sarufi nzuri kabisa. Na Madamu Helen, ambaye hakuwa na sababu ya kuficha, akaninyooshea kidole mimi.

Hapo suti yote ikanianguka, kama ni kusema hivyo. Nikapiga kelele. Nikamwambia Madamu Helen najua, namjua, I know, I know, lakini baada ya hapo Kiingereza changu chote, miaka kumi na minne ya Kiingereza, kilinikimbia pale pale, sikuona kitenzi hata kimoja, na nilipotaka kusema kwamba huyu mtu ndiye aliyemzalisha binti yangu, nilichosema kwa sauti ya kusikika behewa zima ni kwamba Mukendi alimzaa binti yangu. Madamu Helen akatumbua macho. Kulikuwa na dereva wa lori mmoja pale mlangoni, mzoefu wa njia ya Zambia, anayejua Kiingereza cha mpakani. Akaangua kicheko, akawafasiria watu, na watu waliokuwa wanalia dakika moja kabla wakacheka, nao hawakuwa wamecheka siku nyingi, walicheka wakishikana. Na mimi nacheza pale kama kichaa, naonyesha tumbo la Mama Ntumba, naonyesha mikono yangu, naigiza beseni, naigiza mtoto anayetoka. Mwishowe nilimwomba yule dereva, mtu wa kuendesha matani ya shaba, amtafsirie mwalimu wa Kiingereza.

Dereva akauliza, "Nimuambie nini?"

"Umuambie namujua," nikasema. "Ni enfirmie. Myaka tisa tunaishi lupango kwa lupango. Namujua."

Akamwambia kwa maneno matano. Madamu Helen aligeuka mweupe kuliko alivyokuwa. Akaruka chini, tukakimbia sote wawili hadi chumba cha mizigo, na sajini akatuambia, kwa utulivu wote, kwamba mtu aliyeshtakiwa na mzungu pamoja na mwalimu haachiliwi kwa sababu mzungu na mwalimu wamebadilisha mawazo, kamanda wake atarudi mchana. Madamu Helen alimwomba kwa Kiingereza, nami nilimwomba kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili. Kupitia ubao uliovunjika mlangoni Tata Mukendi alisikia filimbi ya pili. Akasema nimwambie mkewe aende, asishuke, abaki na ule mama mzungu. Hicho ndicho kitu pekee alichoniomba siku ile, na hicho nilikifikisha sawasawa.

Treni ikaondoka. Madamu Helen alipanda ikiwa tayari inatembea. Mama Ntumba alikuwa amesimama mlangoni na hakuninyanyulia mkono, alikuwa anautazama mlango wa chumba cha mizigo mpaka behewa likapinda.

Kamanda alikuja jua likiwa limeanza kushuka. Aliuliza nani anamjua mfungwa. Wale vijana wawili walikuwa wamekaa juu ya gogo, wanasubiri kuona. Nikasema namjua. Kijana mmoja akaniuliza namjua namna gani, mtu wa Kasai, na mimi nikaeleza mbele yao yote ambayo nilipaswa kuyaeleza asubuhi, beseni, taa, mvua, kila kitu, kwa Kiswahili, bila neno moja la kupamba. Kamanda alichoka kunisikiliza akamfungua. Wale vijana walitufuata hadi nyumbani wakirusha madongo ya udongo, na mengi yalinipata mimi, yakanichafua suti, na nilifurahi, nawaambia kweli, nilifurahi kila lilipogonga mgongoni mwangu na si mwake.

Alikaa kwetu wiki tatu akingoja treni nyingine, kwenye chumba cha nyuma, mapazia yamefungwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Niliyahitaji. Hakunitukana. Asubuhi alimsaidia Astrid masomo ya hesabu, mchana alimenya mihogo na mke wangu, na kila siku alihesabu kwa vidole siku za ujauzito wa mkewe, yeye aliyezalisha nusu ya mtaa wetu. Nilimwomba msamaha siku ya kwanza, nikamwomba ya pili, nikaeleza habari ya redio na bwana wa mvua, nikaleta hata daftari nikamwonyesha. Alilisoma kwa makini, kama cheti cha mgonjwa.

Siku moja tunakunywa chai akaniuliza, "Mwalimu, ile neno yenye ulisema, kwa Kiswahili ni nini?"

Nikafurahi, nikadhani sasa nimepata nafasi ya kujitetea. Nikamwambia haikuwa neno baya hata kidogo. "Ni 'nawaza'," nikasema. "Nilitaka kusema, nawaza ule ni enfirmie."

Akaweka kikombe chini.

"Ulikuwa unawaza?" akaniuliza. "Myaka tisa, mwalimu. Ulikuwa unawaza?"

Aliuliza kwa upole uleule. Hata kama Kiingereza changu kingekuwa cha malkia, hata kama Madamu Helen angenielewa neno kwa neno, bado ningekuwa nimesema kwamba mtu aliyempokea mwanangu kwa mikono yake nadhani tu kwamba ni muuguzi. Na hapo nikaliona lile ambalo nilikuwa nimelifunika kwa habari za redio. Nililichagua lile neno kwa majivuno, ndiyo, lakini lilikuja haraka mdomoni kwa sababu wale vijana wawili walikuwa wamesogea hatua moja. Mtu akisema "najua" anaulizwa unamjua tangu lini, mnakula wapi pamoja, wewe ni wa upande gani. Mtu akisema "nadhani" anabaki amesimama pembeni, mikono safi. Mimi nilitaka Kiingereza kizuri na nilitaka pia kubaki pembeni, na neno moja lilinipa vyote viwili.

Alipanda treni nyingine, bila behewa la wagonjwa, bila sanduku la dawa. Miezi mingi baadaye barua ilikuja na mfanyabiashara aliyepita Kamina. Mtoto alikuwa amezaliwa njiani, treni imesimama kusikojulikana baada ya Lubudi, msichana. Madamu Helen ndiye aliyempokea, na Mama Ntumba alilala pale akiambiwa maneno asiyoyaelewa, hajui kama anaambiwa asukume au angoje, hajui kama mambo yanakwenda vizuri au anakufa, huku mtu ambaye angemwambia yote hayo kwa lugha yake, kwa ile sauti ya kumwamsha mtoto, yuko Kolwezi kwenye chumba changu cha nyuma anahesabu vidole. Mama alipona, na mtoto alipona. Tata Mukendi aliandika kwamba alipofika alimkuta binti yake tayari anacheka. Alimsalimia Astrid, akauliza kama anaendelea vizuri na hesabu. Juu yangu aliandika salamu kwa mwalimu, basi.

Shule ilipofunguliwa tena darasa lilikuwa na madawati mengi matupu. Niliapa siku hiyo, mbele ya wachache waliobaki, kwamba maneno ya lile daftari hayatatoka tena mdomoni mwangu, na sijavunja. Wakaguzi wamenilaumu mara mbili kwamba Kiingereza cha wanafunzi wangu ni kikavu, hakina madaha, na mmoja aliandika kwamba mwalimu mwenyewe anaonekana kuogopa vitenzi. Naacha waandike. Na kwa kuwa sasa wageni wamejaa tena hapa kwetu kwa ajili ya madini, naitwa mara kwa mara kutafsiri, naulizwa huyu ni nani, yule ni mtu wa namna gani. Kama simjui nasema simjui. Kama namjua nasema namjua, kwanza kwa Kiswahili, kwa sauti, ili kila aliyesimama pale asikie, halafu ndipo naanza kutafuta Kiingereza chake.